Tulipohamia Mara

Je, umewahi kuhamia mahali ambapo hukumjua hata mtu mmoja? Kama mume wako ni mtumishi wa kanisa, mwalimu, askari au mganga wa zahanati, najua jibu lako. Barua inakuja, vyombo vinafungwa, na mama ndiye anayebaki akijiuliza maji yanachotwa wapi na watoto watakula nini. Leo napenda kukusimulia jinsi sisi tulivyohamia Mkoa wa Mara mwaka 2002, na jinsi nilivyokaa miezi miwili na zaidi bila kufungua tranka langu.

Mimi na mume wangu tulihitimu chuo cha Biblia Novemba 2001. Yeye alisomea uinjilisti, nami nilisomea kazi za akina mama na watoto. Wote wawili tumezaliwa Kilimanjaro, penye maji ya mfereji na migomba nyuma ya nyumba. Mtoto wetu wa kwanza alikuwa na miezi minane. Mama yangu mzazi aliposikia kwamba tumepangiwa Mara alinyamaza kwa muda, halafu akaingia ndani na kutoka na chandarua chake mwenyewe. Akakikunja, akakiweka juu ya nguo zangu kwenye tranka. Hakusema neno.

Musoma: kufundishwa kufua

Kutoka Mwanza mpaka Musoma ni kama kilomita 220. Tuliingia jioni, jua likizama ziwani. Mji wa Musoma umekaa kwenye nchi kavu iliyojitokeza ndani ya Ziwa Viktoria, kwa hiyo ukitembea kidogo tu unakutana na maji. Pembeni yake yapo mawe makubwa yaliyopandana kana kwamba mtu aliyapanga kwa mkono. Pale Mwigobero tuliona kivuko kinachovusha watu kwenda Kinesi, ng'ambo ya ghuba, na akina mama wakishusha ndoo za dagaa. Ulikuwa mji mzuri, lakini moyo wangu haukuwepo.

Tulikaa wiki mbili katika chumba cha wageni tukingoja kuambiwa kituo chetu. Chakula kilinishinda. Ugali wa kule ni wa unga wa muhogo uliochanganywa na mtama, nami nilizoea ndizi na ugali mweupe wa mahindi. Jioni nyingine wadudu wadogo wa ziwani walipanda angani kama moshi, wakajaa chumbani mpaka kwenye sufuria ya uji.

Siku moja maji ya bomba yalikatika. Nikachukua nepi za mtoto, nikaenda ufukweni kufua. Mtoto nilimkalisha ukingoni, miguu yake ikichezea maji. Mara nikasikia sauti nyuma yangu.

"Mama, mtoe mtoto majini!"

Alikuwa mama wa makamo, amebeba beseni kichwani. Alilishusha, akanieleza kwamba katika maji yaliyotulia, hasa penye majani, kuna konokono wanaoeneza kichocho, na kwamba vijidudu vyake hupenya kwenye ngozi bila mtu kusikia chochote. Akanionyesha watu wanavyochota maji na kwenda kufulia nyumbani. Maji ya kumwogeshea mtoto, aliniambia, yachemshwe kwanza kisha yapozwe, na ya kunywa yachemshwe pia.

Nilimshukuru kwa mdomo, lakini njiani nilikuwa nimenuna. Nilikuwa na cheti kwenye begi, nimekuja kufundisha akina mama, na huyu ananifundisha kufua! Nakiri kosa hili mapema, mama mwenzangu, maana ndilo lililonitesa miezi yote iliyofuata.

Bunda: tranka lililofungwa

Kituo chetu kilikuwa Bunda. Ni mji uliokaa kando ya barabara kuu ya Mwanza na Musoma, na njia ya kwenda Ukerewe kwa kupitia Kisorya inaanzia hapo. Mabasi na malori hayaishi kupita. Upande mmoja ni ziwa, upande mwingine ni vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Serengeti. Utawakuta Wajita, Waikizu, Wasukuma, Wakerewe, Wakurya na wengine wengi, na ibada inaendeshwa kwa Kiswahili ili wote wasikie.

Nyumba yetu ilikuwa na vyumba viwili, na bati la chumba cha nyuma lilivuja. Mume wangu alikuwa mwinjilisti tu, hajabarikiwa, lakini toka siku ya kwanza watu walimwita Mchungaji, na mimi, msichana wa miaka ishirini na minne, nikawa Mama Mchungaji. Vikongwe waliniinukia kunipa kiti. Niliona aibu kubwa.

Posho ilitegemea sadaka, na sadaka ilitegemea pamba. Mkulima wa kule huanza kuuza pamba yake kuanzia Mei na Juni. Sisi tulifika Januari, wakati watu wanapalilia na ghala zimebaki vumbi. Posho ya mwezi wa kwanza ilikuja nusu. Ya mwezi wa pili haikuja. Kazi yangu mimi, ya akina mama na watoto wa shule ya Jumapili, haikuwa na posho kabisa.

Akina mama wa kanisa walikuja kutusalimu, wengine na bakuli la karanga, wengine na michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwakatwa na kuanikwa. Mimi nilizikataa zawadi zile kwa adabu. "Asanteni, lakini sisi tumekuja kuwatumikia, si kula vyenu." Nilidhani nasema neno la Kikristo. Nikaona nyuso zao zinabadilika, nisijue ni kwa nini. Baadaye nikaanza kufunga mlango mchana. Sikutaka mtu aingie akakuta sina hata chai ya kumpa.

Usiku mmoja wa Machi, mvua ikidondoka ndani, nilimwambia mume wangu kwamba nataka kurudi Kilimanjaro na mtoto mpaka atakapopewa kituo kizuri. Hakunigombeza. Alikaa kimya mpaka koroboi ikaanza kufifia, kisha akasema, "Ukiamua kwenda nitakusindikiza mpaka stendi. Lakini watu wakiniuliza, sitawadanganya kwamba umekwenda kusalimia." Asubuhi alichukua baiskeli yake akaenda vijijini. Nikabaki nalia.

Siku ile ile bibi mmoja wa kanisani alikuja. Nilikuwa nimesahau kufunga mlango.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mjukuu wangu hajambo?"

Aliketi, akaangalia huku na huku. Macho yake yakatua kwenye tranka, limefungwa kwa kamba ile ile tuliyotoka nayo nyumbani.

"Mna safari?"

"Hapana, bibi. Nyumba ni ndogo, sina pa kupanga vitu."

Alitabasamu. "Aliyekaa hapa kabla yako naye alikaa hivyo hivyo. Tukajua huyu ataondoka. Akaondoka." Akanyamaza kidogo, akanitazama usoni. "Nilikuja kukuonyesha shamba la kupanda viazi. Lakini marando hatumpi mtu wa safari. Viazi vinataka mtu wa kuvingoja."

Mwenzangu, yale maneno yaliniingia. Alipoondoka nilipiga magoti kitandani, lakini sikupata la kuomba. Nikainuka nikafungua ile kamba. Chandarua cha mama kilikuwa juu kabisa. Nilikitundika, nikapanga nguo za mtoto kwenye boksi, nikatandika kitambaa changu cha harusi juu ya meza ya mbao. Mume wangu aliporudi jioni alisimama mlangoni akaangalia. Naye hakusema kitu, ila alitoka nje akalia kidogo. Nilimwona kwa dirishani.

Kesho yake nilimfuata bibi. Alinipeleka bondeni kwenye majimaji, mahali wanapoyatunza marando wakati wa kiangazi yasikauke. Akina mama sita walinisaidia kuinua matuta. Mkono wangu ulitoka malengelenge, nao wakanicheka, na mara ya kwanza nami nikacheka. Niliuliza namna ya kusonga ugali wa muhogo na mtama, maana wangu ulikuwa na mabuje. Wakanifundisha, kila mmoja kwa namna yake, mpaka wakabishana.

Mwezi wa Mei tembo walitoka hifadhini wakaingia mashamba ya upande wa Kunzugu. Watu walikesha wakipiga madebe. Mama mmoja wa kikundi chetu alipoteza karibu mahindi yake yote kwa usiku mmoja. Juma lililofuata alikuja kwangu na kibakuli cha michembe. Nilitetemeka. Nilitaka kusema, "Mama, wewe ndiye unayehitaji." Lakini nilikuwa nimeanza kuelewa. Nilipokea kwa mikono miwili, nikachemsha, tukala pamoja na watoto wake. Siku ile alinieleza habari ya ndoa yake, jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu kanisani. Nilifanya kazi niliyosomea kwa mara ya kwanza siku hiyo, miezi minne baada ya kufika.

Butiama: wasomi waliokanyaga udongo

Mwezi wa Oktoba, viazi vyetu vikiwa vimekwisha kuvunwa, kikundi cha akina mama kilichanga nauli tukaenda Butiama. Kutoka Bunda unafuata barabara ya Musoma, unafika Makutano, unageuka kulia. Tulitaka kuliona kaburi la Mwalimu Julius Nyerere, aliyefariki London tarehe 14 Oktoba 1999 na kuzikwa kijijini kwake tarehe 23 mwezi huo huo. Pale Mwitongo, nyumbani kwa ukoo wake, kuna mawe makubwa kama yale ya Musoma, kuna utulivu, na kuna makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1999.

Wengi tunamjua Mwalimu kama Rais. Mimi siku ile nilimfikiria kama kijana aliyetoka chuoni. Alizaliwa Butiama mwaka 1922, mtoto wa Mtemi Burito wa Wazanaki. Mwaka 1934 alianza shule ya Mwisenge, Musoma. Akaenda Tabora, Makerere, na baadaye Chuo Kikuu cha Edinburgh. Aliporudi mwaka 1952, akiwa na shahada ambayo Waafrika wachache sana wa Tanganyika walikuwa nayo, alikuja hapa kijijini akajenga nyumba kwa mikono yake mwenyewe, akikanyaga udongo wa matofali, kwa ajili ya mchumba wake. Januari 1953 alifunga ndoa na Maria Gabriel Magige, naye mwalimu. Kisha akaenda kufundisha Pugu, karibu na Dar es Salaam, katika shule ya misheni ya Kanisa Katoliki.

Jambo jingine ndilo lililonigusa zaidi. Mwaka 1955 aliacha kazi ya Pugu kwa sababu ya siasa, akarudi Musoma bila mshahara. Kwa miezi kadhaa aliwafundisha Kizanaki mapadre wa shirika la Maryknoll na kuwasaidia katika kutafsiri. Hebu fikiri. Mapadre wale walikuwa wamesoma miaka mingi, na walitumwa kuja kufundisha. Lakini kabla ya kuwafundisha Wazanaki, iliwapasa kukaa mbele ya Mzanaki kama watoto wa darasa la kwanza, wakikosea na kusahihishwa.

Nikamkumbuka yule mama wa ufukweni na beseni lake. Nilitamani nimpate nimwombe msamaha, lakini sikujua hata jina lake. Tukiwa njiani kurudi, akina mama wakiimba, nilimsimulia bibi habari ile yote. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. "Kumbe ulinuna? Na mimi ulininunia?" Nikamwambia, "Bibi, wewe nilikuogopa."

Kwa mama anayefunga mizigo

Tulikaa Bunda miaka sita. Watoto wetu wawili wamezaliwa kule, na mpaka leo wanaupenda ugali wa muhogo kuliko ndizi zangu. Bibi amekwisha kufariki. Tulipohamishwa, ndiye aliyenifungia marando kwenye gunia bichi, akaniambia niyapande juma lile lile.

Mama mwenzangu uliyepewa barua ya kuhama, nakuomba mambo machache. Jioni ya kwanza fungua mizigo, hata kama bati linavuja. Uliza habari ya maji na magonjwa ya mahali pale kabla mtoto hajaugua. Ukiletewa bakuli, lipokee, na usilirudishe tupu siku utakapokuwa nacho. Mtafute mama mzee mmoja wa kukuambia ukweli. Na kama moyo umechoka, mwambie mume wako, usijifungie mlango peke yako. Nawe baba unayesoma kurasa hizi za mama, msikilize.

Soma pia ile barua ya nabii Yeremia kwa watu waliokuwa uhamishoni Babeli, katika sura ya 29. Waliambiwa wasikae kama wapita njia. Mimi niliisoma chuoni nikaifanyia mtihani na kufaulu, lakini nilikuja kuielewa Bunda, nikiwa na jembe mkononi.

Mungu akubariki wewe na nyumba yako mpya.