Darasa Langu Limejifunza Kusoma

Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza katika shule ya msingi ya serikali mkoani Lindi. Natoa ushuhuda huu kwa sababu nimeona jinsi madhara ya msongamano wa darasa yanavyorithishwa kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto, na nimeona pia urithi huo ukikatika.

Bibi yangu hakusoma kabisa. Mama aliandikishwa mwishoni mwa miaka ya 1970, baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974 kuagiza kila mtoto wa Tanzania aingie shule ifikapo 1977. Wananchi walijenga madarasa kwa nguvu zao, na vijana waliomaliza darasa la saba wakafundishwa ualimu huku wakiwa kazini. Ilikuwa hatua kubwa, na nawaheshimu wote walioibeba. Lakini mama alisoma kwa kubanana, kitabu kimoja watoto wengi, mbele ya mwalimu mwenye umri wa kaka yake. Alimaliza darasa la saba akisoma kwa kuunga silabi mojamoja. Nilipoanza shule mimi, nyumbani hapakuwa na mtu wa kunikagulia daftari.

Aliyenivusha ni mwalimu wa darasa la tatu. Alituita mmojammoja mezani kwake, tukasoma, akasikiliza. Akajua kwamba mimi nakwama kwenye “mb” na “nd”, akanikalisha na wenzangu waliokwama hapohapo mpaka tukafunguka. Ndiyo maana nikawa mwalimu.

Januari 2016 ada na michango ya lazima ilifutwa hadi kidato cha nne. Watoto walimiminika, nami nilifurahi kuwaona, kwa kuwa wengi wao wangebaki nyumbani. Darasa langu lilipita watoto mia moja, ilhali kiwango kilichowekwa ni watoto 45 kwa mwalimu mmoja. Wengine walikaa sakafuni. “Ba, be, bi, bo, bu” iliimbwa kwa sauti moja hadi ofisini kwa mwalimu mkuu. Ukimwinua mtoto wa nyuma na kumwonyesha herufi moja peke yake, kimya. Wimbo aliujua, herufi hakuijua.

Kamati ya shule iliitisha mkutano. Wazazi wakakubali kwa hiari yao kumlipa posho kijana aliyehitimu chuo cha ualimu na anayesubiri ajira. Tukapata mikondo miwili. Watoto walipumua, lakini usomaji ulisogea kidogo tu, kwa sababu tuliendelea kuwaimbisha.

Mabadiliko yalikuja tulipompima kila mtoto, mmojammoja. Tukawapanga upya: wasiojua herufi, wanaounga silabi, wanaosoma sentensi. Kila mtoto alisoma mbele ya mwalimu kila wiki, na akipanda anahamia kundi la juu. Wajumbe wa kamati walipita kuona kama walimu tupo na kama daftari zimesahihishwa. Mwisho wa mwaka watoto wengi walikuwa wakisoma hadithi fupi na kueleza walichosoma.

Wenzetu wa Kenya waliyapitia haya. Ada ya shule za msingi ilipofutwa huko mwaka 2003, madarasa yalifurika. Kuanzia 2005 watafiti walizipa baadhi ya shule za magharibi mwa nchi hiyo mwalimu wa ziada wa mkataba, na darasa la kwanza likashuka kutoka watoto zaidi ya 80 hadi chini ya 50. Waliobaki na walimu wa kudumu, katika ufundishaji uleule, hawakupata faida kubwa. Waliofundishwa na walimu wa mkataba walisonga mbele, na waliogawanywa kwa viwango vyao walifaidika, wenye uwezo mkubwa na wenye uwezo mdogo pia. Matokeo yalikuwa mazuri zaidi pale kamati za shule zilipofundishwa kusimamia. Nilipousoma utafiti huo niliiona shule yetu.

Bibi mmoja anayelea mjukuu aliniambia kwamba siku hizi akitoka kwenye mnada wa korosho, mtoto ndiye anayemsomea stakabadhi: kilo ngapi, shilingi ngapi. Mtoto huyo atakuwa mzazi, na watoto wake watakuwa na wa kuwasaidia.

Mzazi mwenzangu, sare na begi havitoshi. Nenda shuleni umuulize mwalimu: mwanangu anasoma kiwango gani, na anakwama wapi? Mwalimu akishindwa kujibu kwa sababu ya wingi wa watoto, lipeleke suala hilo kwenye kamati, kwa diwani na kwa mbunge. Vijana wenye vyeti vya ualimu wapo mitaani wakisubiri kuajiriwa. Tudai waajiriwe, na wakishafika tuhakikishe kwamba kila mtoto anasikilizwa.