Saa za Barafu: Kutoka Madison hadi Barabara ya Mombasa

Madison, Wisconsin

Mji wa Madison umekaa kwenye ukanda mwembamba wa nchi kavu kati ya maziwa mawili, Mendota na Monona. Baridi ikishakolea, wavuvi huenda kwa miguu hadi katikati ya ziwa, wakaitoboa barafu na kuketi juu ya ndoo zilizopinduliwa, mshipi ukining'inia kwenye tundu lenye upana wa sahani. Tarehe za kuganda na kuyeyuka kwa Mendota zimeandikwa hapa tangu miaka ya 1850, na kumbukumbu hizo zinathibitisha analolijua kila mvuvi: ziwa halina miadi. Mwaka huu litaganda kabla ya Krismasi, mwaka ujao Januari itaingia na mawimbi bado yanapiga ufukweni.

Naanza na ziwa kwa sababu kwetu Afrika Mashariki, hoki ya barafuni ikitajwa, husemwa upesi kwamba wenzetu wana baridi na sisi hatuna, na mazungumzo huishia hapo. Nilikuja Wisconsin katika msimu wa 2024 hadi 2025 kuifuatilia timu ya wanawake ya Chuo Kikuu cha Wisconsin, Badgers, na nimeona kwamba jibu hilo halitoshi. Mabinti hawa hawachezi ziwani. Wanacheza ndani ya ukumbi uitwao LaBahn Arena, juu ya barafu iliyotengenezwa na mashine, kama ile inayotengenezwa Nairobi kwenye Barabara ya Mombasa.

Ukishuhudia kwa karibu barafu hiyo ikitengenezwa, hutaisahau kanuni yake. Chini kuna sakafu ya zege iliyopitishiwa mabomba ya kimiminika baridi kuliko barafu yenyewe. Maji humwagwa juu yake kidogo kidogo, tabaka juu ya tabaka, hadi unene ufikie sentimita chache tu. Rangi nyeupe na mistari yote, ya buluu na myekundu, imo ndani ya tabaka hizo, chini ya miguu ya wachezaji. Kila kipindi cha dakika 20 kikiisha, barafu huwa imejaa mikwaruzo na unga mweupe. Hapo huingia gari la kuparua: linakwangua uso wa juu, linazoa unga, na nyuma yake linatandaza maji ya moto. Maji ya moto huyeyusha kidogo barafu ya chini na kushikamana nayo, kisha huganda yakawa laini, yanang'aa. Gari hilo lilibuniwa mwaka 1949 na Frank Zamboni huko Paramount, California, mahali pa jua. Aliyewapa watu wa baridi chombo chao muhimu kuliko vyote alikuwa mtu aliyeishi mahali pa joto, mwenye uwanja wa kuendesha na wateja wa kuridhisha.

Mchezo wenyewe una kasi ambayo runinga haiionyeshi sawasawa. Wachezaji watano na golikipa mmoja wa kila upande wamo uwanjani, lakini watano hao hawakai hata dakika nzima. Wanakimbia kwa nguvu zao zote kwa sekunde arobaini au hamsini, kisha wanaruka ukuta wa benchi huku wenzao wakiruka kuingia, na kisahani, kile kinachopigwa kwa magongo badala ya mpira, hakisimami kuwasubiri. Niliketi nyuma ya benchi na kuwatazama waliotoka: vifua vinapanda na kushuka, maji yanapita kwenye matundu ya kinga ya uso, na hakuna anayezungumza mpaka pumzi irudi. Sheria za wanawake haziruhusu kumgonga mpinzani kwa mwili kwa kusudi la kumwangusha, kwa hiyo anayetaka kisahani lazima akifikie kwanza. Ndiyo maana pasi zao ni za haraka na macho yao huwa mbali.

Ukumbi huu wa LaBahn una viti 2,273 na ulifunguliwa mwaka 2012, ubavuni mwa Kohl Center, jengo kubwa la mpira wa kikapu na hoki ya wanaume. Timu ya wanawake ilianza msimu wa 1999 hadi 2000, na kwa miaka mingi ilicheza katika jengo hilo kubwa, sauti za mashabiki wachache zikipotea kati ya viti vitupu. LaBahn ni ndogo, na udogo huo umekuwa neema. Dari iko karibu, kelele zinarudi, msichana mdogo aliyeketi safu ya mbele anasikia visu vya viatu vikikata barafu. Hata hivyo mji huu unajua pia kulijaza jengo kubwa: Januari 2017 mabinti walirudi Kohl Center kwa siku moja na watu 15,359 wakaja kuwatazama.

Kocha wao, Mark Johnson, yuko hapa tangu 2002. Wazee wa Marekani wanamkumbuka kwa michezo ya Olimpiki ya 1980 huko Lake Placid, alipofunga mabao mawili kati ya manne siku timu ya wanafunzi wa Marekani ilipoifunga Umoja wa Kisovyeti 4-3. Mtu mwenye sifa hiyo angeweza kufundisha popote. Yeye amekaa na wanawake wa Wisconsin zaidi ya miaka ishirini, nao, kabla ya msimu niliokuja, walikuwa wamechukua ubingwa wa taifa wa vyuo mwaka 2006, 2007, 2009, 2011, 2019, 2021 na 2023. Tazama vizuri tarehe hizo: makombe manne ya kwanza yalikuja kabla LaBahn haijafunguliwa. Kwa hiyo jengo peke yake si siri yao. Kilichotangulia jengo ni ratiba: mazoezi yenye saa zake na ligi yenye wapinzani wake, kila wiki, mwaka baada ya mwaka.

Ratiba hiyo ndiyo niliyoisoma kwa makini kuliko kitu kingine. Msimu unaanza mwishoni mwa Septemba na kuishia Machi. Katika ligi yao ya WCHA kuna vyuo vinane, na timu mbili zikikutana hupambana Ijumaa, zikapambana tena Jumamosi. Aliyefungwa leo ana usiku mmoja wa kujirekebisha mbele ya mpinzani yuleyule. Katikati ya juma ni madarasa, maktaba na mazoezi. Nilimsikia mama mmoja aliyekuja kumwona bintiye akimwambia jirani yake kwamba mtoto amefanya mtihani asubuhi na jioni yuko uwanjani. Alisema hivyo bila kujisifu, kama mtu anayeeleza wiki ya kawaida.

Minneapolis, Minnesota

Kutoka Madison kwenda Minneapolis ni zaidi ya kilomita 400 kuelekea kaskazini-magharibi, mashamba ya mahindi yamelala chini ya theluji pande zote. Huku ni kwa mahasimu. Chuo Kikuu cha Minnesota kina Ridder Arena, uliofunguliwa mwaka 2002, ukumbi wa kwanza Marekani kujengwa mahsusi kwa ajili ya hoki ya wanawake wa chuo. Una viti vipatavyo 3,400. Ukilinganisha na Madison, hapa nyumba ilitangulia makombe ya NCAA, chama cha michezo ya vyuo: ubingwa wa 2004 na 2005, kisha 2012, 2013, 2015 na 2016. Msimu wa 2012 hadi 2013 walicheza mechi 41 wakashinda zote 41.

Tofauti nyingine iko shuleni. Mwaka 1994 Minnesota ilikuwa jimbo la kwanza kuitambua hoki ya wasichana kuwa mchezo rasmi wa shule za sekondari. Sheria ya taifa ya 1972, inayojulikana kama Title IX, ilikuwa imeshakataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu inayopokea fedha za serikali kuu. Lakini sheria iliyoandikwa Washington haimwagi maji uwanjani. Ilibidi jimbo liamue, kisha wilaya, kisha mwalimu mkuu, kwamba wasichana watapewa jioni ya Jumanne na asubuhi ya Jumamosi.

Ng'ambo ya mto kutoka Ridder Arena kuna mtaa wa Cedar-Riverside, wanakoishi Wasomali wengi, na baadhi yao walipitia Dadaab na Eastleigh kabla ya kufika hapa. Nilikunywa chai ya tangawizi kwenye mkahawa mmoja, na mama aliyenihudumia alisikia lafudhi yangu. "Umetoka Nairobi, mwanangu? Karibu." Nilipomweleza kilichonileta, alitikisa kichwa akitabasamu. "Mchezo wenyewe siuelewi, lakini mtoto wangu wa mwisho ameshateleza na shule. Sasa anataka viatu vyake mwenyewe." Nikamuuliza kama atamnunulia. "Nitamnunulia, mwanangu. Uwanja upo, mwalimu yupo, mimi nimzuie kwa nini?"

Maneno ya mama yule yamenifundisha kuliko hotuba. Na si yeye peke yake anayebadilisha sura ya mchezo huu. Katika timu ya Wisconsin niliyoifuatilia alikuwamo Laila Edwards, kutoka Cleveland Heights, Ohio. Novemba 2023 aliandika historia kwa kuwa mwanamke Mweusi wa kwanza kuchezea timu ya taifa ya wakubwa ya Marekani, na kwenye mashindano ya dunia ya 2024 akateuliwa mchezaji bora. Msimu huo wa 2024 hadi 2025, waliobaki watatu kuwania tuzo ya Patty Kazmaier, inayotolewa kwa mwanamke bora wa hoki ya vyuo, walikuwa wote wa Wisconsin: Edwards, Caroline Harvey na Casey O'Brien. Tuzo alichukua O'Brien, mwenye pointi 88 za mabao na pasi za mabao.

Fainali ya Machi 23, 2025 ilichezwa hapahapa Ridder, lakini wenyeji hawakuwemo, kwa kuwa Wisconsin iliwatoa kwenye nusu fainali. Mpinzani alikuwa Ohio State, kwa mwaka wa tatu mfululizo. Mwaka 2023 Wisconsin ilishinda 1-0 kwa bao la Kirsten Simms; mwaka 2024 Ohio State ikalipiza kwa 1-0. Safari hii Ohio State iliongoza 3-2 na saa ilikuwa inakwisha. Katika msukosuko mbele ya goli, kisahani kilifunikwa kwa mkono ndani ya eneo la golikipa. Johnson akaomba marudio ya video yatazamwe. Marefa walitazama, wakarudi na uamuzi wa penalti. Zilikuwa zimebaki sekunde 18.9.

Katika hoki mpiga penalti huanza katikati ya uwanja, peke yake na golikipa, na ukumbi mzima unasimama. Simms alikuja na kisahani, akamhadaa mlinda mlango, akafunga. Tatu kwa tatu. Katika muda wa nyongeza, dakika ya tatu ikiwa haijaisha, Simms huyohuyo alikiwahi kisahani kilichorudi mbele ya goli akafunga tena. Ubingwa wa nane. Msimu ulifungwa kwa ushindi 38, sare mbili na kipigo kimoja.

Waliokuwa karibu nami waliita muujiza. Mimi nasema zile sekunde 18.9 zililipiwa zamani. Mchezaji anayetulia namna ile ameshapiga penalti kama hiyo mara nyingi sana mazoezini, kwenye barafu ambayo hakuna aliyemwambia aipishe.

Nairobi

Kwetu uwanja upo. Uko ndani ya jengo la Panari, Barabara ya Mombasa, tangu 2005, na ni mdogo kuliko uwanja kamili wa mita 61 kwa 26. Timu ya Ice Lions imelelewa humo, wengi wao wakiwa wametoka kwenye viatu vya magurudumu. Mwaka 2018 ilipelekwa Kanada na kucheza pamoja na nyota wa hoki Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, baada ya kukaa muda mrefu bila timu nyingine ya kupambana nayo katika ukanda huu. Mwaka 2024 Kenya ilipokelewa katika shirikisho la kimataifa la hoki ya barafuni. Wasichana wapo, wanateleza pamoja na wavulana, na nimeona miongoni mwao mwenye macho ya mbali kama yale ya Madison.

Wanachokosa si baridi. Mitambo inagandisha maji Nairobi kama inavyogandisha Wisconsin, ingawa umeme wetu una bei yake. Wanachokosa ni saa zao wenyewe, kwa sababu uwanja huu unaishi kwa fedha za wateja wanaokuja kujifurahisha, na timu hupata nafasi inayobaki. Wanakosa pia mpinzani wa Ijumaa anayerudi Jumamosi.

Wisconsin ilianza na timu mwaka 1999, kombe likaja 2006, ukumbi ukaja 2012. Mpangilio huo tunauweza. Kaunti, shirikisho na wenye uwanja wakikubaliana kuwalipia wasichana jioni mbili kwa wiki kwa msimu mzima, na kuwagawa katika timu mbili zenye majina na matokeo yanayoandikwa, tutakuwa tumeanza kama walivyoanza wao. Kazi hiyo haingoji theluji, inangoja watu watatu waketi mezani na kalenda.