Shauku Si Kuvunja Toba

Ndugu yangu mdogo ameacha unga, huu mwaka wa pili, alhamdulillahi. Kila asubuhi hunywa methadoni kliniki na arosto imemtoka. Lakini akiona karatasi ya foili, jasho humchuruzika. Wapo wamwambiao kuwa aliyetubu kikweli hatamani tena, na neno hilo humvunja moyo.

Elimu ya tiba haisemi hivyo. Katika miaka ya 1940, huko Lexington, Marekani, daktari Abraham Wikler aliwaona wagonjwa waliokwisha kuacha dawa kwa miezi wakipiga miayo na kulengwa na machozi, kwa kuzizungumzia tu. Mwili ulikuwa umefunzwa, kama mbwa wa Pavlov aliyedondokwa na mate kabla ya kukiona chakula.

Kwa msingi huo kulizuka tiba ya kukabilishwa. Mbele ya mtaalamu, mgonjwa huonyeshwa tena na tena picha au chombo kitupu, pasi na dawa. Shauku hupanda, hufika kileleni, kisha hushuka, na mwili hujifunza kwamba ishara ile haileti kitu. Hata hivyo, Conklin na Tiffany, walipozipitia tafiti hizo mwaka 2002, hawakupata ushahidi thabiti kwamba tiba hii pekee yatosha. Funzo la chumba cha daktari halifuti la zamani. Mtu akirudi maskani, la zamani huamka.

Basi tusiwajaribu wapenzi wetu nyumbani kwa kuwawekea vishawishi. Sisi foili tumeiondoa jikoni, na ndugu yangu huenda msikitini kwa njia isiyopita maskani. Tunakumbuka hadithi ya yule aliyeua watu mia: alipotaka kutubu, aliambiwa aihame ardhi yake, aende kwa watu wema. Toba yake haikutiliwa shaka kwa kuhitaji mahali pengine.

Shauku ikimpanda, hutuambia. Mmoja wetu huketi naye, wakazungumza au wakatembea, hata ishuke. Nayo hushuka.

Mama mwenzangu, mwanao akikwambia kuwa anatamani, usimkemee. Linalopita moyoni si sawa na tendo. Wa kuhofiwa ni yule aliyekwisha kuona haya kusema, kwani huyo hubaki peke yake na shauku yake.