Chujio la sauti lililomrudishia bibi taarifa ya habari

Nyumbani chujio ni la chai au la tui. La sauti wengi hawalijui, ingawa wamewahi kulizungusha: ni kile kitufe cha redio kinachofanya sauti iwe nene au nyembamba.

Kijana mmoja wa kidato cha pili huko Kagunga, Kigoma, alilitaka kwa ajili ya muziki, lile la vinanda vya umeme linaloifanya noti ianze kama imo mtungini kisha ifunguke. Mmarekani Robert Moog alitengeneza la aina hiyo miaka ya 1960 kwa transista zilizopangwa kama ngazi. Kijana alikuwa na redio mbovu mbili tu, na zilitosha.

Chujio rahisi kuliko yote lina vitu viwili. Rezista hukaa njiani, kati ya simu na spika ya betri. Kapasita huunganishwa baada yake kwenda kwenye waya wa hasi, na huko sauti nyembamba hupotea. Nene huendelea na safari. Rezista ya ohm 10,000 na kapasita ya mikrofaradi 0.1 huanza kukata kwenye mitetemo kama 159 kwa sekunde. Ikiwa ohm 1,000, mkato hupanda hadi karibu 1,590. Kwa hiyo badala ya rezista alifunga volyumu ya redio iliyokufa, awe anazungusha.

Mama yake hakufurahi. Kwa miaka mingi Kagunga imefikiwa kwa boti, na watu hawajasahau Mei 2015, maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walipojaa ufukweni na kipindupindu kikaingia. Redio nzima ndani ya nyumba si pambo.

“Ukiiua na hii,” alimwambia, “matangazo utayapeleka wewe, nyumba kwa nyumba.”

Aliyeshangaza ni bibi. Kijana alipofunga chujio hadi mwisho, maneno yakawa ngurumo tupu, bibi akasema: “Hivyo ndivyo ninavyowasikia ninyi siku zote.”

Kumbe wote walikuwa wakisema ana kiburi, akiitwa haitiki.

Uzee huanza kuondoa sauti nyembamba, na humo ndimo zilimo s, f, sh na t. Mzee husikia kwamba unaongea, asijue umesema nini. Kumpigia kelele hakusaidii sana. Afadhali kukaa mbele yake na kusema polepole.

Kijana akageuza mambo: kapasita ndogo ya mikrofaradi 0.022 njiani, volyumu kwenye hasi. Sasa zilizuiwa nene. Akaongeza sauti kidogo.

“Mtangazaji leo kavaa meno,” bibi akasema.

Hiyo si tiba ya masikio. Anayesikia kwa shida apelekwe kituo cha afya aangaliwe kwanza. Huenda ni nta imeziba, na hiyo hutolewa. Njiti isiingizwe sikioni. Na anayetaka kujaribu atumie betri, asiguse umeme wa ukutani wala kufungua televisheni, maana kapasita zake zinaweza kupiga hata ikiwa imezimwa. Lehemu nyingi zina risasi: isipigwe jikoni, na mikono ioshwe kwa sabuni.

Kijana bado anakitaka kinanda chake. Volyumu, hata hivyo, bibi hairudishi.