Trela la mezani na trela la shambani

Haya jamani, leo naweka kodi kando. Mnaofika kwangu huuliza mbona mezani kuna matrela ya shamba ya kuchezea. Nayakusanya! Mengi ni ya Britains na Siku, kipimo cha 1:32, na kila nikipata moja hutafuta ndugu yake halisi hapa Eldoret.

Hesabu yake ni tamu. Trela la mita 4 huwa sentimita 12.5. Ujazo nao hugawanywa kwa 32 mara tatu, yaani 32,768. Kwa hiyo magunia 100 ya mahindi ya kilo 90 yanabaki gramu 275 hivi, kiganja tu cha githeri!

Ila kuna tofauti inayoniudhi. Dogo limechorewa taa na viakisi vyekundu nyuma. Kubwa, msimu wa mavuno, nalikuta usiku limejaa mahindi bila hata kiakisi kimoja, na mwenye gari analiona akiwa ameshalifikia. Siku hizi nikimaliza kulipiga picha humwachia mwenye trekta mkanda wa kuakisi. Bei yake haifikii ya trela moja la mezani.

Kama nyumbani kwenu kuna trela, likagueni nyuma kabla ya kuvuna.