Tanga Langu la Kwanza, Port Bell

Nilikulia Luzira, kando ya Ziwa Victoria, na Port Bell ya utoto wangu ilikuwa ya meli. Kabalega, Kaawa na Pamba zilibeba mabehewa mazima, yakashuka gatini moja kwa moja hadi relini. Baba alifanya kazi hapo. Sisi watoto tulizijua honi za meli. Habari za upepo tuliwaachia wavuvi.

Mei 2005 Kabalega na Kaawa ziligongana ziwani, Kabalega ikazama, gati likapoa kwa miaka. Mabehewa ya Mwanza yalirudi 2018 na MV Umoja. Katika ukimya huo wa katikati nikajifunza tanga.

Aliyenifundisha ni fundi wa mitumbwi, mzee wa Kijaluo aliyekulia upande wa Kenya, ambako bado wapo wavuvi wanaotweka tanga. “Acha kutazama tanga, mwanangu. Tazama maji. Yakigeuka meusi pale mbele, upepo unakuja.” Asubuhi upepo hutoka nchi kavu, mwepesi. Jua likishapasha ardhi, hugeuka na kuvuma kutoka ziwani, ukiingia Ghuba ya Murchison kutoka kusini. Anayetaka kutoka ghubani mchana hana budi kubisha: huenda mshazari upande mmoja, hugeuza omo, huenda upande wa pili, na kila mara amesogea mbele kidogo. Siku nilipoiona Ggaba ikikaribia huku upepo ukinipiga usoni, nilipiga kelele kwa furaha peke yangu majini. Siri iko kwenye ubao unaozamishwa chini ya mashua, unaoizuia isisukumwe kiubavu. Upepo ukizidi, unalegeza demani, ile kamba ya tanga. Wingu likijaa na baridi ikashuka ghafla, unarudi nchi kavu. Kwa hilo mzee hakutaka mjadala, wala mimi sitaki.

Mashua niliyonunua ni Laser kuukuu, ya mgeni aliyekuwa akirejea kwao. Aina hiyo ilibuniwa na Mkanada Bruce Kirby: urefu wa mita 4.2, tanga moja, na tangu 1996 imo kwenye Olimpiki. Mzee hakujali sifa hizo. Aliigonga bodi yote kwa vidole akisikiliza penye sauti butu, kisha akamimina maji kwenye tundu la mlingoti, akaketi kivulini. Yakipungua, alisema, pana ufa, na mlingoti utang'oka siku ya upepo mkali. Hayakupungua. Nikalipa.

Bandarini waliniuliza injini iko wapi. Mama naye aliuliza. Niliwajibu kwamba ziwa hili lilivukwa kwa matanga kabla ya meli za moshi. Wafanyabiashara wa pwani walikuwa na majahazi yao humu, na mwaka 1875 mpelelezi Stanley alilizunguka kwa mashua. Najivunia kuwa kwenye njia hiyo.

Lakini Laser inamfaa mtu mmoja, na mke wangu amechoka kunisubiri ufukweni. Mzee ameshaanza kuchagua mbao za mashua ya watu wawili.