Kovu la Uso na Rukhsa ya Sheria



Mpwa wetu ana maradhi ya lupasi, ambayo kinga ya mwili hugeuka ikaushambulia mwili wenyewe, na waliopatwa nayo wengi mno ni wanawake. Yamemwachia makovu mashavuni, na vidonge vya prednisoloni vimemvimbisha uso. Juzi alituuliza: "Mjomba, nikifanyiwa upasuaji wa uso, nitakuwa nimebadilisha maumbile ya Mwenyezi Mungu?"

Tulilipima suala lake kwa mizani mbili.

Ya kwanza ni ya sheria. Mtume (s.a.w.) amewalaani wanawake wanaotia mianya katika meno yao kwa kutaka uzuri. Lakini Sahaba Arfaja bin Asad, aliyepoteza pua vitani siku ya Kulab, aliweka pua ya fedha, ikatoa uvundo. Mtume akamwamuru aweke ya dhahabu, ilhali dhahabu ni haramu kwa wanaume. Nalo Baraza la Kimataifa la Fikihi ya Kiislamu, lilipokutana Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007, liliruhusu upasuaji wa kuondoa kasoro zilizoletwa na maradhi au ajali, likakataza ule wa urembo mtupu. Kovu la mpwa wetu limo katika fungu la kwanza. Kutamani liondoke si upungufu wa imani.

Ya pili ni mizani ya madhara, kwani madhara hayaondoshwi kwa madhara mfano wake. Prednisoloni huchelewesha jeraha kupona na huongeza hatari ya kuambukizwa; na lupasi isipotulia, kisu chaweza kuacha kovu baya kuliko la awali. Tulimsihi asikate shauri kabla daktari wake wa lupasi hajashauriana na yule wa upasuaji. Tena asiache vidonge ghafla kwa kuuchukia uvimbe, maana ni hatari kubwa; uvimbe huo hupungua daktari apunguzapo dozi taratibu.

Ameridhia kungoja. Lakini kilichotuuma ni sababu aliyoitaja: harusini wanawake walinong'onezana kwamba amejichubua kwa mkorogo. Maneno hayo yalimtia haraka ya kutaka kisu kuliko kioo chake.

Enyi mama na dada zetu, msioujua ugonjwa wa mtu msiutafsiri uso wake. Mpisheni kiti, mumuulize hali, mumwombee dua.

Wabillahi tawfiq.